Mjusi akigoma kula, pima joto kabla ya kumlaumu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo ambalo baadhi ya wasomaji watalicheka: mjusi anayechagua chakula. Kwetu Pwani mjusi kafiri hafugwi, hufukuzwa kwa fagio. Lakini sebule za Waswahili wengi walioko Muscat, Dubai, Leicester na Toronto siku hizi zina tangi la kioo, na ndani yake yumo mjusi ambaye mtoto alimlilia dukani hadi akanunuliwa. Anakula vizuri chakula alichotoka nacho dukani. Siku chakula hicho kikikosekana, au mwenye mjusi akitaka kumbadilishia, mjusi hugeuza kichwa. Hapo ndipo ushauri unapotolewa, na mara nyingi huwa ni ule ule: mnyime, mwenye njaa hachagui.

Ushauri huo unaua mijusi. Tungependa kueleza kwa nini, na nini kifanyike badala yake.

Wanaofugwa sana ni wawili, na ulaji wao hauna udugu. Wa kwanza ni mjusi chui, Eublepharis macularius, mwenye asili ya Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India. Ana kope zinazofumba na kufumbua, jambo ambalo mjusi kafiri wa ukutani hana. Hawezi kupanda kioo. Na mkia wake mnene ndio ghala lake la mafuta. Hula wadudu tu. Wa pili ni mjusi wa kishungi, Correlophus ciliatus, kutoka visiwa vya New Caledonia, aliyedhaniwa ametoweka duniani hadi alipoonekana tena mwaka 1994. Huyu hulamba matunda yaliyoiva na nekta, na mdudu akipita humdaka. Sehemu kubwa ya barua hii inamhusu mjusi chui kwa kuwa ndiye anayewasumbua watu zaidi. Wa kishungi tutamfikia.

Tuanze na joto, maana nusu ya mijusi wanaoitwa wachaguzi ni mijusi wenye baridi. Mjusi hazalishi joto la kutosha mwilini. Humeng'enya chakula kwa joto analolipata kwenye sakafu anayolalia, tumbo likiwa limegusa chini. Mjusi chui anahitaji upande mmoja wa tangi wenye sakafu ya nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili wenye nyuzi 24 hadi 26, kila upande ukiwa na pango lake la kujifichia ili achague mwenyewe. Sakafu ikipoa sana, chakula hukaa tumboni bila kusagika, huanza kuoza, na mwisho hutapikwa. Mjusi analijua hilo kabla ya mwenye nyumba, kwa hiyo anakataa kula. Anakataa chakula kipya kwanza, kisha hata kile cha zamani.

Kosa la kawaida ni kutegemea kipimajoto cha kubandika kwenye kioo. Hicho hupima hewa na kioo, wala hakijui sakafu ikoje. Tumia kipimajoto cha bunduki, kama kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa UVIKO-19, lakini kiwe cha kupimia vitu na si cha homa, na ukielekeze ndani ya pango la upande wa joto. Pedi ya joto iwe na themostati, kifaa kinachoizima joto likifika kiwango ulichoweka. Bila themostati sakafu inaweza kupita nyuzi 40 na kumbabua mjusi tumbo, na huyo naye hatakula.

Wasomaji wa Oman na Ghuba tunawaomba wasirukie aya inayofuata wakidhani joto si tatizo lao. Nje kuna nyuzi 42, ndani kiyoyozi kimewekwa 20 mchana kutwa, na tangi liko chini yake hasa. Mjusi huyo anaishi kwenye baridi katikati ya jangwa. Ulaya kisa ni kingine lakini mwisho ni ule ule: usiku mitambo ya kupasha nyumba joto huzimwa ili kupunguza gharama, na tangi linapoa saa zile zile ambazo mjusi huamka kuwinda. Ukisharekebisha joto, subiri siku nne au tano ndipo uamue kama mjusi ni mchaguzi kweli.

Zipo sababu nyingine halali za kugoma. Ngozi ikipauka na kuwa na rangi ya majivu, anakaribia kujivua gamba. Atakaa siku moja hadi tatu bila hamu ya kula. Aliyehamia nyumba mpya anaweza kukaa wiki moja hadi mbili. Dume msimu wa kupandana hufikiria mengine. Jike mwenye mayai, ambayo mara nyingi huonekana kama vivuli viwili vyeupe ukimtazama tumboni, hupunguza kula. Katika nyakati hizo usijaribu chakula kipya kabisa. Mpe anachokijua, au mwache.

Sasa tuje kwa mchaguzi wa kweli: yuko kwenye joto sahihi, ana afya, anakula funza wa unga, wale mabuu ya mbawakawa wanaofugwa kwenye pumba, kumi bila kupumua, lakini ukimwekea mende anamtazama kama jiwe.

Mjusi huyo hana kiburi. Hutambua chakula kwa mwendo na kwa harufu, na vyote viwili amefundishwa tangu alipoanguliwa. Kama amekulia kwenye bakuli la funza wa unga, kwake chakula ni kitu chembamba, kinachotambaa polepole chini ya bakuli na kunukia pumba. Mende anayeganda haingii katika maana hiyo. Nyenje anayemrukia kichwani ni adui. Mtazame mjusi kafiri wa barazani usiku, pale kwenye taa: nondo akitulia, naye anatulia, nondo akipiga bawa, anadakwa. Hakuna anayemwita mjusi yule mchaguzi.

Kuna atakayeuliza: kama anapenda funza wa unga, kwa nini tusimwachie? Kwa sababu wadudu karibu wote wanaouzwa kwa ajili ya mijusi wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mwili ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa. Taya hulegea, miguu hupinda, mjusi hutembea akitetemeka. Unga wa kalsiamu husaidia, ila kila mdudu ana upungufu wake, na wadudu mbalimbali hufidiana. Mafuta nayo yanatofautiana mno. Funza wa nondo wa nta, yule ambaye wafuga nyuki wanamlaani kwa kula masega, ana mafuta yanayozidi asilimia 20 ya uzito wake akiwa hai. Nyenje ana karibu asilimia 6 au 7. Mjusi aliyezoeshwa funza wa nta ni kama mtoto aliyezoeshwa peremende badala ya ugali. Na hoja ya mwisho ni ya kawaida kabisa: duka likiishiwa na mdudu mmoja unaomtegemea, utafanyaje?

Mdudu wa kuanzia achaguliwe kwa kufanana na anayejulikana. Watu wengi huruka kutoka funza wa unga moja kwa moja hadi nyenje, ambaye hafanani naye hata kidogo, kisha wanalaumu mjusi. Kutoka funza nenda kwa funza au kiwavi mwingine: kiwavi wa hariri, ambaye ni laini na mwendo wake wa pole, au funza wa nzi askari mweusi. Huyu wa pili wafugaji wa kuku na samaki wa Kenya, Uganda na Tanzania wanamjua kwa jina la BSF, na ni mmoja wa wachache sana wenye kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, kwa hiyo hahitaji kupakwa unga. Ana ngozi ngumu, na akimezwa bila kutafunwa anaweza kutoka kama alivyoingia. Ndiyo maana wapo wanaomtoboa kwa ncha ya sindano kabla ya kumtoa. Baada ya hao ndipo waje mende wa dubia, aina inayofugwa kwa ajili ya kulishia mijusi, kisha nyenje au nzige wadogo. Kwa ukubwa, kanuni ni kwamba urefu wa mdudu usizidi upana wa kichwa cha mjusi. Chakula kipya kiwe kidogo zaidi ya hapo. Kikubwa hutisha.

Siku mbili kabla ya kuwatoa, wadudu wenyewe walishwe. Karoti, sukuma wiki na kipande cha boga vinatosha kwa mende, nyenje na nzige. Kiwavi wa hariri hula majani ya mforosadi tu, au chakula kikavu kinachouzwa kwa ajili yake. Mdudu mwenye tumbo tupu ni ganda. Mjusi ameshiba ganda.

Halafu kuna unga wa kalsiamu, na hapa ndipo hata wafugaji wa siku nyingi wanapojikwaa. Mdudu mpya akija mweupe pepe kama amegaragazwa kwenye chokaa, mjusi ananusa chokaa, hanusi mdudu. Kwa wiki ya kwanza usimpake unga mdudu mpya. Paka wale wa zamani ambao mjusi ana hakika nao. Wa mpya wakishakubalika, anza kuwapaka kidogo: watikise kwenye mfuko wa plastiki wenye unga wa ncha ya kisu, mpaka waonekane wana vumbi tu.

Kazi yenyewe huanza jana yake. Chukua wadudu wapya watano au sita, waweke usiku kucha kwenye boksi la funza wa unga, pamoja na pumba zao. Asubuhi watakuwa wananukia kama wenyeji. Kama huna muda huo, minya funza mmoja wa unga na umpake mdudu mpya maji yake, hasa upande wa kichwa ambao mjusi atauuma kwanza.

Chagua jioni, nusu saa baada ya taa kuzimwa. Kwa mjusi mkubwa mwenye mkia mnene, ruka mlo mmoja wa kawaida kabla yake. Kwa kuwa mkubwa hula kila baada ya siku mbili au tatu, hiyo ina maana ya siku nne hadi sita tumbo likiwa tupu. Hiyo ndiyo njaa pekee tunayoiruhusu. Mtoto wa mjusi hula kila siku, na kwake usiruke chochote.

Tumia kibano kirefu cha sentimita 25 au 30, chenye ncha za mpira au cha mwanzi. Cha chuma kitupu kinaweza kuvunja meno na kumfanya aogope kibano chenyewe. Mpe kwanza funza wa unga mmoja. Akimeza na kuanza kujilamba midomo, una sekunde chache ambazo kichwa chake bado kimo kwenye uwindaji: mlete mdudu mpya mahali pale pale, kwa mwendo ule ule. Mpitishe kwa ubavu, sentimita 5 hadi 8 mbele ya pua, chini kidogo ya usawa wa macho. Msogeze, msimamishe, msogeze. Usimsukumie mdomoni, na usimshushe kutoka juu, kwa kuwa kinachotoka juu katika maisha ya mjusi ni ndege. Akiukunja mkia na kuutikisa ncha polepole, yuko tayari kuruka; shikilia pale pale, usimharibie. Akigeuza uso mara tatu, acha. Mpe funza wawili wa kawaida na mwisho wa usiku huo. Kumsumbua kwa nusu saa kunamfundisha kwamba kibano ni bughudha.

Akiendelea kukataa usiku wa tatu au wa nne, washike wawili pamoja: funza wa unga mbele, mdudu mpya amelazwa sambamba naye, ili kuuma kumoja kuwachukue wote. Mara nyingi atamtema wa mpya. Hilo ni maendeleo, kwa sababu sasa ulimi umemgusa.

Kila mdudu ana hila yake. Mende wa dubia hujifanya amekufa. Mgeuze chali, miguu ikipepea mjusi anaamka. Au muweke kwenye bakuli laini lenye kingo za sentimita 5, asijifukie. Nyenje anaruka mno. Muweke kwenye jokofu dakika 5 apoe, au mng'oe miguu mikubwa ya nyuma. Wengi wanaona hilo ni ukatili, na hatutabishana nao, jokofu linatosha. Mdudu aliyetoka kujivua sasa hivi, bado mweupe na laini, awe mende au funza, ni chambo kisicho na mfano. Ukimwona kwenye boksi lako mtenge kwa ajili ya usiku wa majaribio. Kiwavi wa kijani wa tumbaku anavutia kwa rangi, ila amejaa maji. Wawili tu kwa wiki, vinginevyo choo kitakuwa maji. Awe amefugwa kwa chakula maalumu. Yule unayemwokota kwenye mche wa nyanya au tumbaku amekula sumu ya majani na atampitishia mjusi.

Ukipata wa kwanza ameliwa, usisherehekee kwa kumwaga kumi. Wiki ya kwanza iwe mmoja wa mpya kwa wanne wa zamani. Wiki ya pili wawili kwa watatu. Wengi hufika nusu kwa nusu katika wiki ya nne hadi ya sita, na hapo ndipo unaweza kuongeza mdudu wa tatu. Wa zamani asiondolewe kabisa; siku mjusi akiugua, utahitaji kitu ambacho hakatai.

Mraibu wa funza wa nta anahitaji njia nyingine. Usimpe tena funza mzima hata mmoja. Mmoja aliyeminywa anatosha kuwapaka wadudu watano. Wiki ya kwanza wapake mwili mzima, ya pili kichwani tu, ya tatu tone moja puani. Atagoma siku kadhaa mwanzoni.

Hapo ndipo mizani inapoingia, na hapo ndipo ushauri wa kumnyima unapogeuka hatari. Nunua mizani ndogo ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, na ukishaitumia kwa mjusi isirudi jikoni tena. Mpime kila wiki, siku ile ile, kabla ya kula, na uandike. Mjusi chui mkubwa kwa kawaida ana gramu 50 hadi 80. Akipungua asilimia 10, yaani gramu 6 kwa mwenye 60, simamisha majaribio, rudi kwenye chakula cha zamani hadi uzito urudi. Utazame na mkia: ukiwa mwembamba kuliko shingo, umechelewa. Mkubwa mwenye mkia mnene anaweza kukaa siku 10 hadi 14 bila kula na asidhurike. Mtoto usimfikishe siku ya nne.

Wanaosema njaa itamnyoosha wanasahau kwamba mwili wa mjusi ukikosa chakula huanza kuyahamisha mafuta ya mkia kwenda kwenye ini. Yakija mengi na kwa haraka, ini hulemewa, na mjusi mwenye ini lililolemewa hupoteza hamu ya kula kabisa, hata ya kile alichokuwa akikililia. Aliye hatarini zaidi ni yule mnene aliyelelewa kwa funza wa nta, ambaye ndiye huyo huyo watu humhukumu kwanza: amenona, avumilie.

Makosa mengine tutayapita haraka. Kuacha nyenje usiku kucha kwenye tangi: wakikosa chakula humtafuna mjusi aliyelala, hasa mkiani na pembeni ya macho, na baada ya hapo nyenje kwake ni mateso. Kubadili chakula, tangi na taa katika wiki moja: hutajua amegomea kipi. Kumfungua taya kwa nguvu: taya lenye upungufu wa kalsiamu huvunjika. Mijusi wawili tangi moja: mmoja akimtawala mwenzake, mwenzake hali, na wewe unamwita mchaguzi. Mtenge usiku mmoja uone atakavyokula. Nyama, yai na chakula cha paka si mbadala wa mdudu. Wadudu wa bustanini wanabeba dawa za kunyunyizia na minyoo, na kimulimuli ana sumu inayoweza kumuua mjusi mfugwa, hata kama ni mmoja tu.

Mjusi aliyekamatwa porini ndiye mgumu kuliko wote kumlisha, na hapa tunawageukia wasomaji wa nyumbani. Mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, Lygodactylus williamsi, ambaye huishi kwenye mikadi na hapatikani nje ya eneo hilo dogo la Tanzania, alichukuliwa kwa wingi kwa ajili ya maduka ya ng'ambo. Tangu Januari 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, maana yake biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Huyu hula wadudu wadogo mno, nzi wa matunda na nyenje waliotoka kuanguliwa, na aliyetoka porini anaweza kuwakataa hata hao. Ukionyeshwa mmoja dukani Ulaya, ulizia karatasi za kuzaliwa kwake kifungoni kabla ya kuulizia bei.

Mjusi wa kishungi, sasa. Aliyewahi kumwona mjusi wa kijani wa Pemba, Phelsuma parkeri, akilamba ua la mgomba, anaujua ulaji huu. Chakula chake kikuu kifugoni ni unga kamili uliotengenezwa kwa ajili yake, kama wa kampuni za Pangea au Repashy: kipimo kimoja cha unga kwa viwili vya maji, uache dakika chache uzito ukae kama sosi ya nyanya. Nusu kijiko cha chai inamtosha mmoja kwa usiku. Weka jioni, kikombe kiwe juu kwenye matawi kwa kuwa yeye haishi chini, nyunyiza maji tangini kwanza, na uondoe chakula baada ya saa 24. Nyumba ikiwa na joto, asubuhi. Joto lake ni nyuzi 22 hadi 26. Akifika 28 huacha kula, na zaidi ya hapo anaweza kufa, kwa hiyo kile kiyoyozi tulichokilaumu kwa mjusi chui hapa ndicho mwokozi.

Uchaguzi wake huletwa na chakula cha watoto cha makopo, kile cha matunda, ambacho wauzaji wengine huwapa kwa sababu ni kitamu na cha bei nafuu. Hakina kalsiamu wala protini ya kutosha. Mbadilishe kwa kuchanganya: sehemu tisa za kopo kwa moja ya unga uliokorogwa, na kila usiku wa nne ongeza sehemu moja ya unga na upunguze moja ya kopo. Akisita, rudi hatua moja, usirudi mwanzo. Papai au embe lililoiva sana, robo kijiko lililopondwa, linasaidia kama chambo. Unaweza pia kumpaka tone kwenye mdomo, mbali na matundu ya pua. Atalilamba tu, hana namna nyingine ya kujisafisha.

Wengi hudhani hali kwa sababu kikombe kinaonekana kimejaa. Sawazisha uso wa chakula kwa mgongo wa kijiko kabla ya kukiweka. Asubuhi utaona alama za ulimi. Mtoto aliyetoka kuanguliwa hali siku za mwanzo, hadi ajivue gamba la kwanza, kwa kuwa bado anatumia kiini cha yai.

Kwa wote wawili, zipo dalili ambazo hazihusiani na uchaguzi wa chakula: mkia kukonda ilhali anakula, kutapika mara kwa mara, choo cha maji chenye harufu kali, taya lililovimba au lisilofunga, gamba lililoganda jichoni, mwili kutetemeka. Hapo acha kibano. Mchukulie daktari wa wanyama anayejua watambaao pamoja na choo kibichi kisichozidi saa 24, kwenye kichupa safi kilichofungwa, kilichokaa kwenye ubaridi lakini hakikuganda. Omba apimwe minyoo na kriptosporidiamu, kimelea cha tumboni. Hiyo ya pili haina dawa ya uhakika na huambukiza mijusi wengine, kwa hiyo mtenge na vyombo vyake tangu siku hiyo, usisubiri majibu. Vyombo hivyo visioshwe kwenye sinki la jikoni, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamshikapo, kwani hata mijusi wenye afya kabisa wanaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Wafugaji wawili wa mijusi,
Leicester na Muscat